Mwalimu Mgeni Aliyeipigia Makofi Adhabu

Nyundo za mafundi wa Kariobangi zinaanza kulia kabla ya kengele ya shule. Darasani, Zaitun Nuradin anainua kidole kimoja, na watoto wa Gredi ya Tano wanainama kuandika. Nje ya dirisha, bati linapigwa mpaka liwe sufuria. Nyundo zikinyamaza, kidole kinashuka, na watoto wanasoma kwa sauti walichoandika, kwa Kiingereza, mbio mbio, kabla fundi hajamaliza kujifuta jasho.

“Mwanzo nilikuwa nashindana na zile nyundo, sauti ikanikauka wiki ya kwanza tu,” anasema Zaitun akicheka. “Sasa tumegawana kazi. Fundi akipiga, tunaandika. Fundi akipumzika, tunasema.”

Mwalimu huyu mwenye umri wa miaka 34 ni mzaliwa wa Kismayu, Somalia, katika familia ya Wabajuni. Huko alikuwa akiwafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wao makarani waliotafuta kazi katika mashirika. Mumewe alipofariki, alimwacha binti yake wa pekee, Hayat, kwa nyanyake, akaja Nairobi kutafuta kazi ya kudumu.

Shule ndogo ya binafsi, ambayo imeomba isitajwe jina, ilimpokea kwa majaribio ya muhula mmoja kwa mshahara wa shilingi elfu kumi na nane. Akifaulu, angeajiriwa na kusaidiwa kupata kibali cha kazi, kisha amlete mtoto. Akishindwa, angefunga virago.

“Sikuwa na mpango wa pili,” anasema. “Mtoto alikuwa akiniuliza kila siku atakuja lini. Nilikuwa namwambia, subiri kidogo. Hiyo ‘kidogo’ ilinichoma sana.”

Alipanga chumba Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Alidhani lugha haitamsumbua, maana Kiswahili alikipata kwa mama yake. Mtaa ukamwonyesha vingine. Asubuhi ya kwanza, vijana waliokaa karibu na lango walimwambia, “Niaje, ticha.” Naye, kwa adabu za kwao, akasimama kuwajulia hali, akiuliza baba, mama na ndugu, mmoja baada ya mwingine.

“Wakanisikiliza mpaka mwisho, maskini,” anakumbuka. “Halafu mmoja akaniambia, ‘Mathe ako poa, ticha. We enda tu job.’”

Mchana ulipita kwa kazi, lakini jioni zilimlemea. Hakuwa na mtu wa kuongea naye. “Nilikuwa nalia bafuni, na maji yenyewe hayakuwepo,” anasema.

Aliyemtoa bafuni ni mwenye nyumba wake, Mama Nerima, mjane aliyetoka magharibi mwa Kenya zamani akimfuata mume aliyefanya kazi reli. Jumapili moja mama huyu alimshika kuku wake chini ya kwapa, akampeleka kwa jirani Mwislamu achinjwe, ndipo akampika na kumwita mpangaji wake mezani. Tangu hapo hakuna kuku anayeliwa katika nyumba hiyo bila kupitia kwa jirani.

“Sasa ningepika kuku, halafu yeye akae tu akiniangalia? Hapana,” anasema Mama Nerima, kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. “Huyu ni mtoto wa wenyewe. Na mwalimu anasimama siku nzima. Atasimama aje na njaa?”

Tumbo likatulia, lakini shuleni mambo yalikuwa yakielekea kuharibika.

Wakenya wengi waliosoma shule za aina hii wanaikumbuka diski. Ni kipande cha mbao chenye kamba. Mtoto akinaswa akiongea Sheng, ile lugha ya mtaani, au Kiswahili wakati wa Kiingereza, anavishwa shingoni, naye anamvizia mwenzake ampokeze. Jioni, wote walioivaa wanabaki kufagia.

Zaitun hakuwahi kuona kitu kama hicho. Juma lake la pili alimkuta msichana mmoja, Aqsa, ameketi na diski kifuani, akaamini ni nishani.

“Kwetu, kitu anachovishwa mtoto shingoni ni cha heshima,” anaeleza. “Nikajua huyu ndiye bora wa darasa. Nikamwita mbele, nikampa mkono, nikawaambia wenzake wampigie makofi.”

Watoto waliangaliana. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha mwalimu, basi makofi yakapigwa. Kesho yake akaivaa mwingine, naye akapigiwa. Mambo yalijulikana siku Zaitun alipoomba, mbele ya walimu wote, atengenezewe diski ya pili ili tuzo ziwafikie watoto wengi zaidi. Walimu walicheka hadi chai ikamwagika.

“Nilitamani ardhi ipasuke inimeze,” anasema.

Wazazi hawakucheka. Habari zilienea kwamba mgeni anawatuza watoto kwa kuongea Sheng. Wa kwanza kufika shuleni alikuwa mama yake Aqsa, Bilan, anayeuza vyombo vya nyumbani sokoni.

“Nilikuja na hasira zangu zote,” anakiri Bilan. “Mimi nalipa karo mtoto ajue Kizungu, halafu anapigiwa makofi juu ya Sheng? Nikasema huyo ticha aende kwao.”

Mwalimu mkuu, Protus Luseno, anasema alikuwa ameshaamua kumwachisha kazi. Kilichomzuia ni alichokiona alipopita karibu na dirisha la darasa lake. “Aqsa alikuwa amesimama anaongea Kiingereza, kibovu, lakini anaongea,” anasema. “Huyo mtoto tulikuwa tumemzoea akiwa kimya. Wote walikuwa kimya. Mtoto akiogopa diski, dawa yake ni kufunga mdomo.”

Zaitun naye aliliona hilo, akaomba kitu kimoja: aachwe aendelee na kosa lake hadi siku ya wazazi. Darasani kwake diski ingevaliwa na mtoto atakayesimama kusimulia habari za nyumbani kwao kwa Kiingereza, makosa na yote, na wenzake wamuulize maswali. Siku hiyo ndiyo ingeamua kama atabaki.

Siku yenyewe ilipofika, Zaitun alishindwa hata kunywa chai. Aqsa alisimama mbele ya wazazi, akaigiza jinsi mama yake anavyobishania bei na mteja anayetaka sufuria kwa nusu ya bei, mkono kiunoni, macho juu. Vicheko vilijaa ukumbi.

“Mtoto wangu ananisema mbele ya watu, kwa Kizungu!” anasema Bilan. “Sikujua nikasirike ama nilie. Nikalia.” Kisha akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumwambia huyo ticha asiende popote.

Gredi ya Sita bado wanavaa diski kwa mtindo wa zamani. “Siwezi kugeuza shule nzima mara moja,” anajitetea Luseno. Lakini amemwajiri Zaitun, na shughuli za kibali zimeanza. Likizo ya Agosti atakwenda kumchukua Hayat, aliye na miaka kumi sasa. Mama Nerima ameshamnunulia kitanda. Akija, atasoma Gredi ya Tano, darasa la mama yake.

Jambo hilo limemtia mtoto wasiwasi. Juzi kwenye simu aliuliza, “Nikija nikuite mama au mwalimu?”

“Nikamwambia, darasani mwalimu, nyumbani mama,” anasimulia Zaitun. “Akauliza tena, ‘Na njiani, tukitoka shule?’”

Zaitun anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

“Nikamwambia, njiani nitakuwa nimekushika mkono. Niite utakavyo.”