Gari Lisilotakiwa Kuzimwa

Mume wangu Kipkemei ni karani wa ghala la mahindi kule Moi's Bridge, mtu wa kupima kila gunia mara mbili. Mtu kama huyo hapaswi kumiliki gari kuukuu. Toyota yetu ya mwaka themanini na tisa ilikuwa na ugonjwa wake: injini ikishapata moto, ukiizima haiwaki tena mpaka ipoe, na hiyo ni saa nzima. Fundi mmoja wa hapa Kitale alituambia sensa ya joto imekufa. Injini inadhani ni baridi kila wakati, basi inajimwagia petroli hadi inasongwa.

Siku nyingine tungecheka. Lakini Jumamosi hiyo ya mwaka 2005 madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bungoma, na huja mara moja tu kwa mwaka. Mama yangu, kule Bumula, alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lina ukungu. Alitakiwa kufika kabla ya saa nne. Akikosa, mwaka mwingine wa kungoja ungemkuta gizani.

Ijumaa mchana Kipkemei alitandika gunia uani, akangoja injini ipoe kabisa, akafungua sensa ya zamani kwa spana na kufunga nyingine aliyoipata kwa wauza spea. Kishikio cha plagi ya sensa kilimvunjikia mkononi, akakifunga kwa raba ya tyubu. Jasho lilimtoka utadhani anapasua mtu. Gari likawaka. Nikamuuliza kama atalijaribu likiwa moto. Alikataa. Likigoma atajua halijapona, na asipojua angalau ataweza kulala. Tungeenda bila kulizima, basi. Hata hivyo hakulala.

Sikumlaumu. Kwetu Wabukusu mwanamume hamkaribii mama mkwe, hamshiki mkono wala hamsemeshi. Yeye ni Mkalenjin, na kwa miaka minne ya ndoa hakuwahi kujua kama ukimya wa mama ulikuwa mila au dharau. Nilimwambia ni mila. Mke atasema nini kingine? Sasa alikuwa akiwaza gari likifa njiani, mama asiyeona ashushwe ili lisukumwe, na aibu hiyo ataipeleka wapi.

Tulisafiri roho mkononi. Saa mbili na nusu tulikuwa Bumula, injini ikinguruma. Mama akaingia nyuma, leso imemfunika uso, nami nikaketi kando yake. Kisha akaniambia nimwambie dereva azime, maana yeye hasafiri bila kuomba, na hawezi kushindana na kelele kumfikia Mungu. Nikamnong'oneza kwamba huenda lisiwake tena; akasema lizimwe tu. Kipkemei alinitazama kwenye kioo, akazima.

Mama huomba kwa Kibukusu siku zote. Siku hiyo aliomba kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Baba, mimi siwezi ongea na huyu mtoto, mila inakataa. Lakini na wewe tunaongeanga. Ata hii gari ikikataa kuwaka, usikubali aone aibu. Nilizaa vijana watatu, na leo ni yeye amekuja. Huyu ni mtoto wangu. Amina."

Kipkemei alizungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja. Lakini gari halikusogea. Nikamkumbusha kwamba saa zinakwenda.

"Ngoja kidogo," alisema. "Sioni barabara."