Bibiane Hasimami Mpaka Keki Ikatwe

Saa saba kasorobo mchana, Jumapili ya mwezi Mei mwaka 1996, Bibiane yuko mgahawani anakofanya kazi kama Jumapili nyingine zote. Tofauti ni moja tu. Leo amekaa.

Amekaa kwa shida, ukingoni mwa kiti, macho yanafuata kila trei inayopita. Meza ya pembeni hawajaletewa mkate. Mzee wa mlangoni anatikisa chupa tupu. Kisu kinaanguka mahali fulani na mkono wa Bibiane unakwenda wenyewe. Mumewe, Bertin, anaudaka kabla haujafika sakafuni.

"Acha," anamwambia. "Leo weko client."

"Najua niko client! Bantu beko wapi?"

Swali la haki kwa mteja. Meza yao, inayotazama ziwa dogo la Neerpede, huku pembezoni mwa Anderlecht, Ubelgiji, imetandikwa kwa ajili ya watu kumi na wanne tangu saa sita. Waliofika ni familia yenyewe tu: Bibiane, Bertin, watoto wao wakubwa Aristote na Régine, na kitinda mimba Inès, mwenye miaka minane. Inès amevaa kanzu nyeupe ya komunyo ya kwanza aliyoipokea asubuhi ya leo, na kila dakika anakatazwa kuegemea kitu.

Bibiane, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni mzaliwa wa Lubumbashi. Mgahawa huu ni wa Waitaliano wawili, mke na mume: Ornella anasimamia ukumbi, Renzo anapika. Bibiane aliingia kwa mlango wa nyuma miaka sita iliyopita, akaosha vyombo hadi vidole vikachunika, kisha Ornella akamtoa mbele kuhudumia wateja. Jumatatu wanafunga. Siku nyingine zote yupo.

Tatizo lake lina jina, nalo ni Mei. Ndio mwezi wa komunyo hapa Ubelgiji, na familia hukodi meza za mikahawa kuwasherehekea watoto wao. Kuomba likizo Jumapili ya Mei ni kumtafuta Ornella ubaya. Kwa hiyo Aristote alipopokea komunyo, mama yake alikuwa akibeba lazanya za watoto wa watu. Alipopokea Régine, hadithi ikawa ileile.

"Nilifika nyumba, bantu balisharudi kwabo," anasimulia. "Gâteau ya Aristote, kipande ya keki, niliikuta ndani ya serviette ya karatasi. Ya Régine vilevile. Batoto ya bantu nilibaimbia, nikabapigia makofi. Ba kwangu, hapana. Ilinikasirisha, na mpaka leo inanikasirisha."

Mwaka huu akaona isiwe tabu. Kama hawezi kutoka kazini, basi sherehe na ije kazini. Akakodi meza kama mteja yeyote, akatoa faranga elfu tano za kutanguliza, na Ornella akakubali kumtafuta msichana wa kumshikia nafasi. Kisha Bibiane akamwahidi Inès jambo ambalo hajawahi kumwahidi mtoto wake yeyote: atakaa naye mezani, bila kuinuka, mpaka keki ikatwe.

Saa saba na nusu mlango unafunguliwa, ukoo unaingia. Jamani, unaingia! Bibiane anahesabu kwa midomo na uso unabadilika. Pamoja na walioko mezani, wamekuwa ishirini na wawili. Miaka sita amekuwa akiwaambia wateja kwa tabasamu la kazi kwamba waliokodi viti kumi na vinne watapata viti kumi na vinne. Leo atamwambia nani?

Mbele ya msafara yuko Tonton Tharcisse, mjomba wake, aliyestaafu reli. Amekumbatia sufuria iliyofungwa kitambaa.

"Tonton, iyi ni nini?"

"Bukari," anajibu, ndiyo ugali wa kwao. "Na pilipili kidogo."

"Hapa chakula ya inje ni défendu! Mi mwenyewe njo nakatazaka bantu!"

"Bon, unikataze kisha kula. Bataliano banakulaka macaroni, mutoto wangu. Bukari nani atatupikia?"

Bibiane anashusha pumzi ndefu. Sufuria inaingia chini ya meza, viti vinaongezwa, watu wanabanana. Hapo ndipo balaa lenyewe linapoanza, kwa sababu hakuna hata mmoja katika ukoo ule anayeweza kumtazama Bibiane ndani ya mgahawa huu akaona mgeni.

"Maman Inès, utuletee mayi."

"Bibiane, fourchette yangu ilianguka."

"Maman Inès, choo iko wapi? Na chumvi?"

Msichana wa kushika nafasi anapita mbele yao, na karatasi ya kuandikia oda mkononi, hawamwoni. Wanamuita ndugu yao. Naye, lo, anainuka! Anakwenda kuleta maji, anaokota uma, anarudi na chumvi. Kila akiinuka Inès anageuza kichwa kumfuata, na kila akirudi mtoto anamuuliza kwa sauti ndogo kama sasa amekaa kabisa.

"Sasa nimekaa kabisa," anajibu mama. Kitenge chake kipya tayari kina doa la mchuzi wa nyanya kifuani.

Nyama inapofika, jikoni kinasikika kishindo cha sahani, halafu kilio. Meza tano za komunyo zimemshinda msichana wa watu. Amevua aproni, amechukua mkoba, huyo ameshashika njia ya metro. Ornella anatokea ukumbini, uso mwekundu, aproni mkononi, anakuja moja kwa moja.

"Bibiane, cinq minutes. S'il te plaît."

Dakika tano, tafadhali! Dakika tano za Ornella, Bibiane anazijua. Huanza saa nane, zikaisha saa mbili usiku.

Bertin anatazama sahani yake. Tonton Tharcisse ndiye anayefungua kinywa, na laiti angekifunga.

"Enda, mutoto wangu. Patron anaita. Usiache kazi ya bantu."

Bibiane ameshanyoosha mkono. Anakiri mwenyewe: mkono ulinyooka, aproni akaishika. Ndipo Inès anaposhuka kitini pake, anazunguka meza, anapanda mapajani mwa mama yake na kukaa hapo, kanzu nyeupe na viatu na yote, mzito kama gunia la viazi.

"Madame Ornella," anasema kwa Kifaransa, kwa adabu zote za shule ya masista, "mama hafanyi kazi leo. Mama ni mteja."

Hasira inampanda Bibiane, anasema, hasira tupu ya Mei zote zile. Anaigeuza aproni mkononi, anaitazama, kisha anamtupia Tonton Tharcisse kifuani.

"We ulisema kazi ya bantu isiachwe. Vaa!"

"Mi? Mi niko mukubwa yako!"

"Mukubwa yangu, sikukualika na bantu munane! Wote wenye niliita, bakae. Wote wenye sikuita, basimame. Mayi iko kule, mukate iko kule. Mi sitoke hapa!"

Ukumbi mzima unageuka. Kicheko kinaanza kwa Régine, kinamshika Bertin, kisha watu wa meza za jirani ambao hawakuelewa neno. Na wanane wale wanasimama, wengine kwa aibu, wengine kwa raha. Tonton anafunga aproni juu ya suti yake ya Jumapili, anachukua sufuria yake ya bukari kama mtu anayehama, anaingia nayo jikoni kwa Renzo. Anarudi na sahani tatu za nyama mkononi bila kumwaga tone. Ornella anabaki ameshika kiuno. Mikate inaanza kufika mezani.

Saa kumi keki inaletwa. Inès anaikata akiwa palepale mapajani, mkono wa mama juu ya mkono wake, na Bertin anapiga picha mpaka filamu inaisha.

"Miguu ilikufa ganzi," anasema Bibiane. "Sikumushusha."

Akiulizwa anataka nini mbele, jibu analo tayari. Anataka malewa yake mwenyewe, mgahawa mdogo hapahapa Anderlecht, bukari na samaki, meza sita tu. Na mlangoni ataandika kwa herufi kubwa kwamba Jumapili zote za Mei amefunga.

"Utakufa na njaa!" anadakia Tonton, trei mkononi. "Mei njo bantu banakulaka!"

"Bapike kwabo."

Kutoka jikoni sauti ya Ornella inaita, kwa mazoea ya miaka sita: "Bibiane!"

Bibiane hageuki. Anafuta krimu kwenye kidevu cha Inès kwa kidole gumba.

"Mardi!" anajibu. Jumanne.