Mrusho wa Tatu wa Dada Eliza

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya mrushaji mwenye masharubu, bingwa wa besiboli ya Amerika ya kale. Ushindi wa mtu yule niliusikia tu, kwa mmisionari wetu wa mji wa Baraka. Mrusho wa dada yangu Eliza niliuona.

Mmisionari alisema kwamba kwao ushindi huandikwa kwa jina la mrushaji, nami nikaelewa kuwa wenzake wote huhesabiwa wameshindwa. Sasa najua sivyo. Alasiri moja ya utoto wetu mmisionari alishika gongo la kupigia mpira, akaahidi kutuachia mpira akiukosa mara tatu. Eliza, aliyezoea kufukuza nyani mihogoni kwa mawe, alikuwa amekwisha kumkosesha mara mbili. Mimi nilidaka nyuma ya mmisionari, viganja vikinuka ngozi na jasho.

“Pasta, iko moja tu imebakia!” Eliza alimtania. Kisha akanigeukia: “We, shika! Ukiachilia, mi nitakupiga!”

Gongo lilivuma, likapiga hewa tupu. Watoto wenzetu wakalipuka kwa vigelegele. Wengine husema mmisionari alicheka, wengine kwamba alinuna, sikumtazama. Mpira ulikuwa mikononi mwangu, viganja vikiwaka moto, na Eliza alipouomba sikumpa, nisije nikahesabiwa nimeshindwa.