Tambi za Earlene na Gongo la Tucker

Virgil Haverkamp alikuwa fundi wa mizani ya nafaka hapa Dorrance, Iowa, mpaka goti lilipogoma kupanda ngazi. Tangu hapo kazi yake ikawa kuisumbua kompyuta. Aliilisha habari za kila mpigaji wa Vyura, timu yetu ya besiboli: akikutana na mrushaji wa mkono wa kushoto anafanyaje, upepo ukitoka mashambani je, usingizi wake ukoje. Kompyuta inachanganya yote, halafu inatamka nani leo atapiga mpira na kufika salama kituo cha kwanza cha uwanja, na nani atarudi benchi kutafuna mbegu za alizeti. Wazee wenzake pale kinyozini walibashiri kwa kutazama mawingu. Aliwashinda mpaka wakamchukia kwa moyo mmoja.

Msimu huo yeye na mkewe Earlene walimpa chumba Tucker Bledsoe, mchezaji kutoka Arkansas, kama tunavyowafanyia wachezaji wageni hapa. Tucker alikuwa na shingo ya fahali na adabu za bibi harusi, ila gongo lake la kupigia mpira lilikuwa na siku zake za kulala fofofo. Jumatatu kocha akamwambia: kesho usipopiga hata moja, panda basi urudi kwenu.

Virgil akaikimbilia kompyuta. Ikasema Tucker ana nafasi nzuri siku zote, isipokuwa Jumanne. Akawatazama wachezaji wote waliowahi kulala kwake: mambo ni yale yale, Jumanne gongo linakufa. Mpaka asubuhi ya Jumanne yenyewe alikuwa bado anaulaumu upepo, ndipo harufu ikapanda kutoka jikoni, akashika kichwa.

Jumanne ni siku ya tambi za Earlene. Samaki wa kopo, supu ya uyoga ya kopo, juu yake krispi za viazi zilizopondwa, vyote vinaokwa mpaka unaweza kuzibia paa la ghala.

Akateremka. "Earlene, leo usipike."

"Kwa nini, unaumwa?"

"Kompyuta imeonyesha..."

"Imeonyesha nini?" Earlene aligeuka na mwiko mkononi.

"Imeonyesha... joto."

"Joto? Wewe uliyevaa soksi jozi mbili? Toka jikoni kwangu, mzee, usinichoshe."

Saa ya kula Tucker akaketi. "Mama, inanukia mpaka barabarani," akasema, na kweli ilinukia. Simu ikalia, Earlene akatoka kwenda kuongea na dada yake. Virgil akaivuta sahani ya kijana.

"Mzee, hiyo yangu!"

"Kula mkate, fala wewe. Unaitaka Arkansas?"

Virgil akala. Alikula kama mashine ya kuvunia mahindi iliyokatika breki: sahani mbili, kisha trei, kisha ule ukoko wa pembeni ambao hata mbwa huupita kwa heshima. Earlene aliporudi alikuta trei inang'aa.

"Mmemaliza yote?"

"Nimeshiba, Mama," Tucker akajibu, mkate umemkaba.

Uwanjani tumbo la Virgil lilinguruma hadi mwamuzi akatazama juu na kuagiza turubai la kuukinga uwanja na mvua. Zamu ya kwanza Tucker akakosa mpira, ya pili akakosa tena, wakamzomea. Zamu ya tatu Virgil hakuiona, kwa sababu alikuwa chooni anaomba msamaha kwa Mungu. Alisikia tu mlio wa gongo, kisha uwanja mzima ukapasuka kwa shangwe. Akashangilia hapo hapo alipokaa.

Kocha akamwambia Tucker asifungashe. Earlene akamrukia mumewe mlangoni pa choo.

"Umeona? Tambi zangu hizo! Alikula trei nzima!"

Virgil akamtazama mkewe, aliyekuwa anawaka uso kwa furaha kama siku ya ndoa yao.

"Ndizo, mke wangu."

"Na kocha amenisikia. Kesho napikia timu yote."

Asubuhi yake kinyozini wakamuuliza Virgil leo anamchagua nani. Hata kompyuta hakuiwasha. Akamtaja mpigaji wa timu ya wageni.