Flashi ya Watalii

"Hiyo ndogo ni ya watalii, mzazi mwenzangu," Anselmo alimwambia Eufrosina dukani, mjini Tlaxcala. "Beba hili kubwa. Mwanga wake unapasua wingu!"

Wote wawili walikuwa wapiga picha, na Anselmo ndiye aliyemsimamia mtoto wa Eufrosina kwenye ubatizo, ndiyo maana wakaitana mzazi mwenzangu. Kwao, neno la mtu aliyeshika mtoto wako kwenye maji ya kanisa huliulizi mara mbili. Basi Eufrosina akairudisha ile flashi nyepesi yenye betri za kubadilisha, akanunua lile dude zito ambalo betri yake haichomoki.

Jumamosi, binti wa mwokaji mikate alisherehekea kutimiza miaka kumi na mitano, kwenye shamba lisilo na umeme. Eufrosina alipiga picha tangu mchana. Jioni baba mtu akapiga magoti amvue binti viatu vya kitoto na kumvisha vya kisigino kirefu, jambo la mara moja tu maishani. Eufrosina akabonyeza. Giza. Betri imekwisha.

"Hebu nipishe, mzazi mwenzangu."

Alikuwa Anselmo, aliyealikwa kula tu. Mkononi ana flashi ndogo, ile ile ya watalii, na mfuko umevimba kwa betri za akiba.

"Nishikie flashi basi, nipige mimi. Inua kidogo, mzazi mwenzangu."

Eufrosina akainua, kwa kuwa binti hakuwa na kosa.

"Nimeinua," akasema. "Ila hilo la mzazi mwenzako lizike hapa hapa. Mwanangu hana tena baba wa ubatizo."