Disketi ya Tano Iko Kabonga

Watu wa Rumonge wakimtaja Elda Mulamba siku hizi wanasema "yule wa mashine", tena kwa heshima. Mimi Nawal nilimjua kabla ya mashine, alipokuwa akianika mchangani ndagala wa watu wengine, vile vidagaa vya ziwani, mgongo umepinda, mdomo haufungi. Alivuka ziwa kutoka Baraka, mji wa ng'ambo, vita vilipowafukuza kule, akatukuta na sisi tuna vita vyetu. Alisema angalau ndagala ni walewale.

Kompyuta aliipata mwaka 1998, kwa wazungu wa shirika moja la misaada aliowafanyia kazi ya kuchapa. Walipofunga ofisi kwa haraka, walimwachia iliyokuwa nzito mno kubeba, pamoja na printa yake. Lakini walifuta kila kitu ndani, siri zao hizo, wakabakiza Windows ya zamani na mchezo wa karata. Nikampa chumba kando ya duka langu, karibu na soketi. Wiki mbili nzima tulicheza karata, na nakiri nilikuwa nafunga duka mapema.

Ndipo akaja Hubert, mkurugenzi wa shule ya sekondari. Taipureta ya shule ilikuwa imekufa na mitihani ni Ijumaa ya wiki iliyofuata. Elda akiitoa safi kufikia asubuhi ya siku hiyo, alisema, kazi zote za maandishi za shule zitakuwa zake mwaka mzima. Elda akakubali kabla bwana yule hajamaliza sentensi. Alipoondoka akanigeukia, akanikumbusha nilichokuwa nakijua: mashine haikuwa na programu ya kuandikia hata barua. Ipatikane, au arudi mchangani.

Nikampigia kaka yangu Saif, mwenye duka la vifaa vya ofisi Bujumbura. Saif akacheka sana. Programu mpya zinakuja kwenye CD, alisema, kwa bei yake unapata mtumbwi, na mashine ya kizee kama ile haitazikubali. Ila kwenye droo alikuwa na programu ya zamani, disketi saba, ambayo hakuna mteja aliyeitaka tena. Akataka dumu moja tu la mawese ya Rumonge. Elda alinikumbatia hadi nikakosa pumzi.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu mimi. Barabara ya Bujumbura ilikuwa na watu wa kuvizia, na sisi wa ufukweni tulikuwa na desturi: kitu chako usikitume kizima kwa mtu mmoja. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Viatu vya harusi vya binti yangu Samiha vilikuja kimoja Jumatatu, kingine Alhamisi, kwa madereva wawili. Mwizi akikipata kimoja, atakivaa na nini? Nikamwambia Saif atume kama viatu. Naye, mtiifu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatafuta wasafiri saba.

Hadi Jumatano zilikuwa zimefika sita, moja kwa dereva wa lori la bia, nyingine ndani ya Biblia ya mchungaji. Elda hakuweza kungoja. Akaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mashine ikanguruma, ikaomba ya tano. Tukaipa ya sita. Ikaomba ya tano. Tukairudishia ya pili, kwa adabu. Ikaomba ya tano.

Ya tano alikuwa nayo Chausiku, mchuuzi wa ndagala kutoka Gitaza. Na alishapita! Jumatatu alifika dukani kwangu, Elda yuko kwaya, nikamnyooshea mkono, akakataa katakata. Amana, alisema, inafika mkononi mwa mwenyewe. Akaenda zake Kabonga na biashara yake, nami nikadhani atarudi kesho yake.

Alhamisi asubuhi Elda akapanda pikapu kwenda Kabonga. Akamkuta Chausiku ufukweni, akaomba disketi yake. Chausiku alimtambua, akamsalimu vizuri, amahoro, habari za nyumbani. Kisha akamwambia: "Saif alinituma Rumonge, dada. Hapa iko Kabonga. Nikikupa hapa, nitasema niliifikisha wapi?"

Elda akabembeleza, akanuna, akaapa kwa jina la mama yake. Wapi! Wakarudi pamoja, Chausiku kakumbatia kikapu, Elda kakikodolea macho. Kwenye vizuizi vyote vitatu vya askari njiani, barrière tunavyoviita, Elda aliteremshwa kwa maswali, kwa kuwa jina lake si la huku, na askari wakapekua ndagala hadi chini. Disketi waliigeuza huku na huku, wakairudisha. Hata wao hawakuona mtu atafanyia nini disketi moja, na hapo nadai sifa zangu.

Saa kumi na moja jioni Chausiku alisimama mlangoni, akafuta mkono kwenye kitenge, akamkabidhi Elda disketi mimi nikiwa shahidi. Ilinuka ndagala. Nikapiga vigelegele, wateja wa sukari wakangoja. Elda akaisukuma ndani, mashine ikafikiri, nami nikamshika Chausiku mkono, naye akaniminya wangu. Ikaomba ya sita.

Baada ya ya saba, kikatokea kidirisha chenye mstari mtupu. Elda akaacha vidole hewani.

"Iko inaniuliza jina," akasema.

Nikamwambia aijibu basi, jua linazama. Hakunisikia.

"Kila barrière wananiuliza jina, mama Nawal. Nikilisema tu, wananiambia shuka. Leo kwa kurudi tu, mara tatu."

Aliliandika polepole, herufi moja moja. Programu ikafunguka, ikatangaza kwa Kifaransa kwamba ni mali ya Elda Mulamba. Chausiku, ambaye hajui kusoma, akauliza imesema nini. Tulipomwambia akataka iseme tena. Tukaifunga na kuifungua mara nne, nikicheka huku nalia, wala sioni aibu. Kisha Elda akatufukuza, akaanza kazi.

Ijumaa saa moja asubuhi Hubert alikuta mitihani imepangwa mezani, ya hesabu juu. Alitafuta kosa, akalikosa, akaonekana kusikitika kidogo. Akatoa daftari aandike mapatano yao, akamwomba Elda kitambulisho.

Elda hakuwa nacho. Nikafungua mdomo nimtetee, hakuningoja. Akaifunga programu, akaifungua upya, akamgeuzia mkurugenzi skrini.

"Soma, Monsieur Directeur."

Hubert akainama, akasoma, akarekebisha miwani. Kisha akaliandika jina lote kwenye daftari, kama lilivyokuwa pale.