Betri ya Pili ya Fundi Cirimwami

Baba mkubwa Cirimwami hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Ndiyo maana nakumbuka vizuri mwaka wa 1969, alipoipandisha mbele ya maafisa.

Alikuwa fundi umeme wa magari, aliyekimbia vita Bukavu na kufungua kibanda chake hapa mtaani kwetu Bwiza, upande huu wa mpaka. Dinamo iliyowashinda wengine mjini ililetwa kwake. Kwa sifa hiyo Bwana Sébastien, Mbelgiji mwalimu wa hesabu, alimtafuta. Alikuwa akijiundia ndege ya viti viwili, ya mbao na kitambaa, katika banda karibu na uwanja wa ndege, na alikuwa ameitia injini ya Volkswagen. Alitaka mtu wa kumfungia nyaya.

Kazi ilichukua wiki tatu. Jambo moja lilimnyima baba mkubwa raha: injini ile ilitegemea betri ili buji zitoe cheche. Dinamo ikifa, betri ingeishiwa polepole bila mtu kujua, na ikiisha, injini inazima. Gari likizima unalisukuma pembeni. Ndege utaisukumia wapi? Basi akaongeza betri ndogo ya pikipiki nyuma ya kiti, yenye swichi yake peke yake, na taa nyekundu ya kuwaka dinamo ikiacha kuchaji.

Sébastien alilalamika kwamba betri ile ni uzito wa bure. Akamwambia yeye ni fundi wa malori, mambo ya ndege awaachie waliosoma. Baba mkubwa alimsihi mara mbili. Siku aliyomaliza kazi na kuondoka, betri ilikuwa bado mahali pake.

Miezi miwili baadaye Sébastien alimpakia Pascaline, karani wa shule yake na jirani yetu, aliyetamani kuuona mji kutoka juu. Walipofika juu ya Gatumba injini ilikohoa, ikanyamaza. Wakaangukia kwenye matete ya mto Rusizi. Sébastien alitoka na mikwaruzo. Pascaline alivunjika nyonga.

Kabla hajatoka hospitali, mtaa mzima ulikwisha kuambiwa mkosaji ni nani. Sébastien alikuwa ameandika katika taarifa yake ya ajali kwamba nyaya zilifungwa vibaya na fundi Mkongomani asiye na cheti. Kwa kina Pascaline wakaacha kutusalimu. Mama mkubwa Béatrice alimpelekea mgonjwa uji, akarudi nao wote.

Baba mkubwa akaitwa mbele ya maafisa watatu wa uwanja wa ndege. Walimwekea karatasi ya Kifaransa, atie sahihi kukubali kosa. Aliisoma hadi mwisho, akaisukuma kando.

"Apana," alisema. "Siwezi kutia sahihi kama sijaona ndege. Munipeleke."

Wakampeleka bandani, mabaki ya ndege yalikokuwa yamevutwa, Sébastien akiwapo. Baba mkubwa alifungua ubao wa nyuma ya kiti mbele yao wote. Betri ndogo haikuwapo. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa koleo, ncha zimezungushiwa utepe mpya. Hata taa nyekundu ilikuwa imeng'olewa. Hapo ndipo sauti yake ilipopanda.

"Huyu mutu alikata mwenyewe, kisha akapakia mutoto wa watu. Na mi ndiye munaita mukosaji?"

Ripoti ilipotoka ilisema "hitilafu ya umeme", basi. Haikutaja nani alikata, wala haikumsafisha aliyesingiziwa. Damu yangu inachemka hadi leo nikiikumbuka.

Mwaka uliofuata Sébastien alikwisha kuitengeneza ndege yake, akaja kibandani. Alitaka betri ya pili. Mama mkubwa alitaka kumfukuza, lakini baba mkubwa alimwuliza nani atakaa kiti cha pembeni. Akajibu kwamba hajui, mtu yeyote.

"Basi nitafunga, kwa ajili ya huyo mutu yeyote," baba mkubwa alisema. "Lakini kwanza twende kwa Pascaline. Utamwambia kwa kinywa chako."

Walimkuta amekaa mlangoni na mkongojo wake. Sébastien alisema haraka haraka kwa Kifaransa kwamba betri aliitoa yeye. Pascaline akamtaka arudie kwa Kiswahili, mama yake asikie. Akarudia, uso mwekundu.

Baba mkubwa aliifunga betri ile ndani ya sanduku la chuma, akapigilia kifuniko chake misumari kumi na mbili ya ribiti ili Sébastien asiweze kuitoa tena. Mama yake Pascaline alianza kutusalimu wiki ileile. Pascaline alichechemea maisha yake yote, na wale maafisa hawakumwandikia baba mkubwa hata mstari mmoja.